Mizunguko Kumi kwa Mafuta ya Mbarika

Niliporudi Changamwe kutoka vitani nilikuwa na cheti cha jeshi kilichosema kuwa mimi ni fundi wa magari. Meneja wa gereji, Mzungu mmoja mrefu asiyependa kukaa, alikisoma akiwa amesimama, akakikunja kama kilivyokuwa, akanirudishia. Kisha akanionyesha karai la mafuta ya taa. Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuosha vyuma vya injini zilizofunguliwa na wengine.

Karibu na dirisha la gereji ile palikuwa na meza nene ya mvule, na hapo ndipo injini zilipopimwa na kuunganishwa. Waliofanya kazi mezani walikuwa meneja mwenyewe na mafundi wawili aliowaleta kutoka ng'ambo. Sisi wengine tulikuwa wasaidizi, na msaidizi hakuruhusiwa hata kuiegemea meza ile. Nilipeleka vyuma vikiwa vinang'aa, nikaviweka pembeni, nikarudi kwenye karai langu. Nilikuwa nimeshaunda injini porini, mvua ikininyeshea, lori zima la watu wakinisubiri niwatoe pale. Sasa nilikuwa dobi wa pistoni. Iliniuma, na mimi si mtu wa kuumwa kimya.

Siku moja niliona ringi za pistoni zinatiwa zikiwa hazina nafasi ya kutanuka. Nikasema kuwa zikipata moto zitakwama. Meneja hakuzitazama ringi wala hakunitazama mimi. Alisema kwa sauti ya kusikika na gereji nzima, "Kufungua, kila mtu hufungua. Kurudisha kwa kipimo ni kazi nyingine."

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikajibu kuwa nitaunda injini yangu mwenyewe, na gari la kuibeba, na litakimbia pamoja na magari yao. Mwaka ule kilabu yao ya Wazungu ilikuwa imeanzisha mashindano ya magari yaliyoundwa kwa mikono, kwenye uwanja wa ndege ulioachwa na wanajeshi huku huku bara. Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Meneja hakucheka. Alinipa sharti mbele ya wote: injini yangu ikimaliza mizunguko kumi ya uwanja ule bila kuzimika, ataniandikia karatasi ya ufundi kwa mkono wake na nitapewa nafasi kwenye meza. Ikizimika, nisifungue tena kinywa changu juu ya injini ya mtu. Nikakubali. Nilikuwa na miezi mitano.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alikuwa akikuna nazi, akaacha.

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi ni wazimu mtupu," akasema, akaendelea kukuna.

Jeshi lilipoondoka liliacha vyuma vingi vichakani, na aliyejua kutazama aliokota. Bloku, mwili wenyewe wa injini, niliitoa kwenye gari dogo lililoungua, lakini uzima ulikuwamo. Chesisi ilikuwa ya gari jingine lililopinduka, nikaikata, nikaifupisha. Kabureta ilitoka kwenye pampu ya maji. Krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, niliupata Likoni kwa mtu aliyekuwa akiutumia kuzuia mlango wa banda la mbuzi. Niliutia guniani, nikaubeba begani mpaka kivukoni, na katika pantoni mama mmoja akaniuliza kama nimebeba nguruwe. Nilimwambia ni nguruwe wa chuma. Alisogea mbali nami hata hivyo.

Mwili wa gari ulitoka kwenye mapipa ya petroli niliyoyapasua. Bati la pipa halipindiki kwa maneno matamu. Nililipiga kwa nyundo likawa na makunyanzi kama uso wangu wa leo, ndipo mke wangu, ambaye alikuwa ameapa kutojihusisha, akatoka nje na kinu chake. Alikilaza upande, akaweka bati juu ya tumbo la kinu, akalipiga kwa mchi taratibu, mapigo mafupi ya mtu anayetwanga mtama bila kuumwaga. Bati likatii. Boneti yote aliitengeneza yeye, mpaka ujauzito ukawa mzito akashindwa kuinama. Kiti nilikisuka mwenyewe kwa kamba za makumbi juu ya fremu ya chuma, nami nasema bila kujisifu kuwa sijakalia kiti cha gari kilicho kizuri kama kile.

Lakini gari ni kopo tu kama injini si nzima, na penye kazi hasa ni kwenye beringi, pale mhimili unapolala na kuzunguka. Siku zile beringi nyingi za krenki hazikununuliwa dukani. Uliyeyusha madini meupe laini, ukayamimina kwenye vikombe vyake, kisha ukayakwangua mpaka yakaukumbatia mhimili. Hilo jeshini nililiona likifanywa na wengine, sikulifanya. Nilikwenda kwa Kalasinga mmoja mzee aliyekuwa na karakana ya kuchonga vyuma karibu na reli. Alinifukuza mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na krenki begani, nikaitua mlangoni pake, nikakaa kando yake mpaka adhuhuri. Akatoka, akaipapasa kwa vidole, akaniambia niingie.

Alinifundisha kupaka mhimili bluu ya kufulia iliyokorogwa na mafuta kidogo, kuulaza kwenye beringi, kuuzungusha mara moja na kuuinua. Palipokuwa pamenyanyuka palishika rangi. Hapo unakwangua, kiasi cha vumbi, unapaka tena, unalaza tena. Beringi tatu zile kubwa na nne za pistoni zilinila Jumamosi saba. Nikiharakisha alininyang'anya kisu cha kukwangulia bila kusema neno, akakipangusa, akakiweka juu ya rafu, nami nikajua kazi ya siku hiyo imekwisha. Hasira zangu zote nilizileta katika karakana ile, na zote zilinifia pale pale.

Julai mke wangu alijifungua salama, na mamake akaja kutoka Rabai kumlea mzazi. Hapa lazima nieleze jambo, kwani bila hilo hamtanielewa. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Hupeani mikono, hukai naye jamvi moja, na neno lolote baina yenu hupitia kwa mtu wa tatu. Akitoka uani mimi huingia bandani kwenye gari. Nikitoka bandani yeye huingia jikoni. Nyumba ya vyumba viwili, tukaishi hivyo majuma mengi bila kugongana. Ni elimu yake peke yake.

Injini ilikuwa imekamilika, imebaki mafuta ya kulainishia. Mafuta ya injini yalipatikana kwa kibali, na kibali alikitoa mtu ambaye asingempa mwosha vyuma. Yale meusi yaliyomwagwa gereji sikuyataka yaguse beringi zangu mpya. Nikafikiri nikapata jibu, nikajiona mjanja kuliko mafundi wote wa ng'ambo: mafuta ya nazi. Safi, mepesi, na Pwani nzima imejaa. Nilileta debe, na adhuhuri moja nikayamimina, yakashuka injinini kama maji.

Mke wangu akaja na mtoto begani.

"Mama asema nywele zake asubuhi hii zimekataa mafuta."

"Mwambie ayaanike juani," nikajibu, nikaendelea kukaza kifuniko.

Aliondoka, nami sikulifikiria tena neno lile.

Kesho yake Jumamosi niliamka na alfajiri. Ilikuwa katikati ya kusi, upepo una baridi yake ya miezi ile. Nikashika hendeli, nikazungusha mara nne, ya tano injini ikawaka. Sijui nielezeje furaha ile. Vyuma kutoka vichaka vinne viliamka pamoja vikawa na sauti moja. Majirani wakatoka na mashuka yao mabegani. Mimi nilisimama mikono kiunoni, nikicheka peke yangu, kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Kisha sauti ikapanda, ikawa kilio, chuma kikalia juu ya chuma, ikakwama kwa pigo moja na gari lote likatikisika.

Nilipofungua chini nilikuta mafuta ya nazi yameganda meupe kama samli. Yalikuwa yamelala pale usiku kucha katika baridi, na pampu ilinyonya hewa tupu. Beringi mbili kubwa zilikuwa zimeyeyuka na kumwagika. Hakuna mtoto wa Pwani asiyejua kuwa mafuta ya nazi huganda wakati wa kusi. Nilikua nikiiona chupa ya mamangu ikianikwa ukutani kila asubuhi ya miezi ile. Lakini nilikuwa nafikiria injini kuwa kitu cha moto. Sikukumbuka kwamba kabla ya kuwaka, injini hulala baridi kama kitu kingine chochote.

Nilirusha spana ikavuka ua, ikaangukia mihogo ya jirani. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama.

"Mama hakukwambia?"

"Alizungumza habari za nywele!"

"Ulitaka asemeje? Aje akushike mkono?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na joto la aibu likanipanda hadi masikioni. Mkwe wangu alikuwa ameona debe likiingia bandani. Alijua litakalotokea. Kumfundisha mkwewe kazi yake kungekuwa kunivunjia heshima, basi akalisema kwa njia iliyoruhusiwa, kwa mbali, akitumia nywele zake mwenyewe. Yeye alitimiza wajibu wake wote. Mimi ndiye niliyeishika adabu ya macho nikaiacha ya masikio. Mke wangu hakuniacha bila kunikumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa siku mbili kila nilipopita aliniuliza guu langu laendeleaje.

Yalibaki majuma manne. Nilioga, nikavaa shati la kwendea kanisani, nikaweka kigoda nje ya mlango wa jikoni, nikakaa nimeupa mlango mgongo. Mke wangu akasimama kizingitini. Nikamwambia, "Mweleze Mama kuwa mwanawe amekosa. Aliambiwa hakusikia. Sasa anauliza, ni mafuta gani yasiyoganda?"

Nilisikia ndani mtu akiweka kitu chini. Kisha sauti ya mkwe wangu, ambayo sikuwahi kuisikia kwa karibu vile, ikamjibu binti yake kwamba mafuta ya mbarika, yale ya nyonyo, hayagandi hata baridi iweje. Ndiyo aliyokuwa akimkandia mtoto tangu alipokuja. Huko kwao vilimani hupakwa ngozi ya ngoma na bawaba za milango, na ikishika mahali haitoki. Akaongeza, na mke wangu akanirudishia neno kwa neno ingawa nilikuwa nimesikia: mbarika haipendi kuchanganywa na mafuta mengine, ikichanganywa huharibika.

Hakunicheka wala hakunikumbusha nywele. Alipeleka habari kwao, na siku ya kumi na moja wanawake watatu wakashuka kutoka Rabai na debe la mbarika waliyoikaanga, wakaitwanga na kuichemsha wao wenyewe. Ilikuwa nzito, ya rangi ya asali changa. Nilirudi kwa Kalasinga na vikombe vya beringi vilivyoharibika. Hakuuliza kitu, aliwasha jiko la kuyeyushia. Safari hii hakuninyang'anya kisu hata mara moja. Kisha niliiosha injini yote kwa petroli mara tatu lisibaki tone la nazi, nikamimina mbarika, nikaiacha ilale usiku mmoja. Asubuhi iliwaka kwa zungusho la pili, nikaikimbiza siku nne nzima uani, ikinuka moshi mtamu ambao kila aliyepita, akikumbuka mbarika ya kuharisha aliyonyweshwa utotoni, alisema unampeleka chooni.

Juma moja kabla ya mashindano meneja aliniita. Alisema amesoma tena kanuni za kilabu. Dereva lazima awe mwanachama, na Mwafrika hawezi kuwa mwanachama. Gari litaingia, lakini ataliendesha yeye.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimeuma meno, nikakaa katika kiti changu cha makumbi bandani, nikashika usukani, na hapo nikalia. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimeshaiona siku ile mara mia kichwani, na katika zote ni mimi niliyekuwa nimekaa pale. Nilimwambia mke wangu kuwa nitalivunja gari kwa nyundo kabla ya mtu yule kulikalia.

Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Wataka kuendesha," akauliza, "au wataka meza?"

Sikulala vizuri, lakini kulipokucha nilikuwa na jibu. Madereva walikuwa wengi mjini. Meza ilikuwa moja. Nikapiga moyo konde, nikampelekea meneja gari.

Siku ya mashindano sisi tusio wanachama tulisimama nyuma ya kamba, upande wa jua. Magari tisa yalijipanga. Njia ilizunguka mapipa yaliyopakwa chokaa, na kila zunguko lilipita mbele yetu. Meneja alipokanyaga mafuta kwanza na ule moshi wa mbarika ukatoka, nilimwona akigeuza kichwa, akanusa, akanitafuta kwa macho nyuma ya kamba. Baadaye nilisikia kuwa huko kwao magari ya mashindano nayo hutiwa mafuta ya mbarika. Hakutegemea kuikuta harufu ile Changamwe.

Nilihesabu kwa vidole. Zunguko la kwanza, la pili, la tatu. Sikulitazama gari, nililisikiliza. Alikuwa wa tano, kisha wa nne, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyozidi kukanyaga. Zunguko la saba lilipopita, nikasikia. Chini kabisa ya ngurumo, pigo dogo: ko, ko, ko. Waliokuwa kando yangu hawakusikia kitu. Ilikuwa beringi ya pistoni ya tatu, inaanza kulegea kwa joto. Ningempa mizunguko miwili na nusu kwa mwendo ule, halafu chuma kingetoboa bloku, na kila mtu pale angesema walijua tangu mwanzo.

Nilipita chini ya kamba nikakimbia. Mtu wa kilabu alinipigia kelele nirudi, sikurudi. Nilifika kwenye pipa la kona, nikasimama mahali ambapo asingeweza kukosa kuniona, nikanyosha mkono, kiganja chini, nikaushusha polepole mara tatu. Ndiyo ishara tuliyotumia kwenye misafara ya jeshi: punguza mwendo. Alikuja moja kwa moja, akaniona, akapita. Hakupunguza. Ko, ko, ko, sasa kwa nguvu zaidi. Wawili wa kilabu walikuwa wamenifikia, mmoja amenishika shati. Nilikaa pale pale kama kigingi. Nilisema, kwa Kiswahili, kwamba watanipiga baadaye.

Akazunguka tena. La tisa. Nilinyosha mkono, shati likichanika begani, nikaushusha. Safari hii macho yake hayakuniacha tangu alipotoka kwenye pipa la mbali. Na aliponikaribia nikasikia ngurumo ikishuka. Alikuwa ameinua mguu. Gari moja likampita, likafuata la pili, naye hakuinua tena mwendo. Mtu aliyeniamuru kila siku ya kazi, aliyeniita boi mbele ya watu wazima, alikuwa ananitii kwa kiganja changu mbele ya kilabu yake nzima. Alimaliza zunguko la kumi akiwa wa sita, injini ikiguguna lakini hai, na akaizima kwa mkono wake mwenyewe baada ya kupita mstari.

Walipiga picha. Mimi simo. Nilikuwa nje ya lango nimetupwa huko na shati langu la mikono miwili isiyolingana, nikiwa nimeketi mchangani, furaha imenijaa.

Jumatatu nilikwenda kwenye karai langu kama kawaida. Sikuwa nimetia mkono ndani meneja alipotokea mbele ya gereji nzima, akiwa na kile kikombe cha beringi cha pistoni ya tatu. Alikuwa ameifungua injini mwenyewe Jumapili. Kikombe kilikuwa kimepasuka ufa mwembamba, bado zunguko moja tu kife. Akaniuliza nilisikia nini, na nilikisikiaje kutoka mbali vile.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeambiwa mengi katika gereji ile. Kuulizwa, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

"Karatasi kwanza, Bwana," nikasema.

Yeye akaenda ofisini, akarudi na karatasi iliyoandikwa kwa wino mbichi. Niliisoma yote nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Kisha nilikwenda kwenye meza ya mvule, nikaiegemea kwa viwiko vyote viwili, nikaanza kumweleza: namna pigo la beringi linavyoingia chini ya ngurumo badala ya juu yake, namna linavyotofautiana na la pistoni, na kwa nini ilikuwa ya tatu. Nilipomaliza, yule mtu asiyependa kukaa alivuta kigoda, akaketi upande wa pili wa meza, akaniomba nianze tena, polepole.